Ardhi ya Mnyama, Ardhi ya Mtu: Uhifadhi wa Rwanda tangu Enzi za Wafalme

Rwanda ina kilomita za mraba 26,338, na sensa ya mwaka 2022 ilihesabu ndani yake watu zaidi ya milioni 13.2. Katika nchi iliyosongamana hivyo, msitu huonekana machoni pa mkulima kuwa shamba lililochelewa kulimwa, na bonde la mafunjo kuwa jaruba la mpunga lililokosa mwenyewe. Ndiyo maana anayetaka kujua imekuwaje sokwe wa milimani, korongo taji na faru weusi wangali wakionekana Rwanda hana budi kuanza na suala la ardhi kabla ya suala la wanyama. Kila mnyama aliyesalia amesalia kwa kuwa kuna mtu aliyeachia mahali, kwa hiari au kwa amri. Tangu uhuru, amri za namna hiyo zimekuwa zikitiwa saini Kigali. Kabla ya hapo zilitoka Brussels, Berlin, au katika baraza la mfalme.

Ufalme wa Rwanda haukuwa na hifadhi zenye vigingi vya mpaka, lakini ulikuwa na miiko. Kila ukoo ulikuwa na mnyama wake. Abanyiginya, ukoo wa wafalme, walikuwa na umusambi, yaani korongo taji. Abega walikuwa na chura, Abazigaba chui, na Abagesera inyamanza, ndege mdogo atikisaye mkia. Mti wa umuko, uchanuao maua mekundu, uliheshimiwa na wafuasi wa ibada ya Ryangombe. Miti ya umuvumu iliyozunguka makazi ya mfalme iliachwa ikue hata baada ya mfalme kufa au kuhama, na mahame hayo, yaitwayo ibigabiro, yakabaki visiwa vya kivuli katikati ya mashamba. Huko kaskazini, karibu na mji wa leo wa Musanze, msitu mdogo wa Buhanga ulilindwa na hadhi ya mila za kuwatawaza wafalme, na miti yake mikubwa ingali imesimama.

Hata hivyo tusiwavike wahenga kilemba cha ukoka. Jembe la chuma limekuwa likifanya kazi katika vilima hivi kwa zaidi ya miaka 2,000, na misitu ilikuwa ikirudi nyuma karne nyingi kabla Mzungu wa kwanza hajatia mguu. Katika kaskazini-magharibi palikuwa na mfumo wa ubukonde: ukoo uliofyeka msitu ndio uliomiliki ardhi, na waliokuja baadaye walilima kwa idhini yake. Shoka, basi, lilikuwa hati ya kumiliki. Waliopoteza kwa kila hatua ya shoka hilo walikuwa Watwa, wawindaji na wakusanyaji ambao msitu ulikuwa kwao nyumba, ghala na duka la dawa kwa pamoja. Kilichookoa sehemu za juu za volkano za Virunga, Gishwati na Nyungwe kilikuwa baridi, mteremko na uchache wa watu zaidi ya ucha wa mababu. Miiko ililinda mti mmoja mmoja na mnyama mmoja mmoja. Haikuwahi kulinda nchi nzima.

Mwanzoni mwa miaka ya 1890 sotoka, ugonjwa uliopukutisha ng'ombe kuanzia Pembe ya Afrika hadi Rasi ya Tumaini Jema, ulifika Rwanda na kutikisa msingi wa utajiri wa ufalme. Mwaka 1894 Mjerumani Count von Götzen alikatiza nchi kutoka mashariki hadi Ziwa Kivu, na miaka mitatu baadaye Wajerumani wakaanza kuihesabu Rwanda kuwa sehemu ya himaya yao ya Afrika Mashariki. Pamoja nao ilikuja elimu ya namna mpya, iliyomjua mnyama kwa kumuua. Tarehe 17 Oktoba 1902, Kapteni Robert von Beringe alipokuwa akipanda mlima Sabyinyo aliwapiga risasi sokwe wawili. Mmoja alipatikana, mzoga ukapelekwa Berlin, na mwaka 1903 mtaalamu wa wanyama Paul Matschie akatangaza kuwa ni aina isiyojulikana, akaipa jina la aliyefyatua bunduki. Wenyeji wa miteremko ile, waliokuwa wakiwajua sokwe hao, ingagi kwa lugha yao, tangu zamani, hawakuulizwa lolote.

Wakati huohuo daktari Richard Kandt alikuwa akizunguka nchini akitafuta chanzo cha mto Nile, ambacho mwaka 1898 alidai kukipata katika msitu wa Nyungwe. Mwaka 1907 alipewa kazi ya uwakilishi wa serikali ya Kijerumani, akachagua kilima cha Nyarugenge kwa kuwa kilikuwa karibu na katikati ya nchi, na hapo Kigali ikazaliwa. Yafaa mwanafunzi wa historia akumbuke kwamba mji huu uliasisiwa na mtu ambaye jina lake limo pia katika orodha ya wanyama: kima wa dhahabu wa Virunga, ambaye leo yu hatarini kutoweka, huitwa na wanasayansi kwa jina la Kandt. Nyumba yake ni makumbusho, na kwa miaka kadhaa makumbusho hayo yalikuwa ya viumbe na miamba ya Rwanda. Katika mwaka huohuo wa 1907 msafara wa Duke Adolf Friedrich wa Mecklenburg ulipita nchini ukiwa na mtaalamu wa mimea, Mildbraed, na mtaalamu wa wanyama, Schubotz, wakafungasha makasha ya vielelezo. Orodha ya kwanza ya bayoanuai ya Rwanda iliandikwa kwa namna hiyo, na vielelezo vyake vikahifadhiwa Ulaya.

Wabelgiji waliichukua Rwanda mwaka 1916, vita vya kwanza vya dunia vikiendelea. Mwaka 1921 Mmarekani Carl Akeley alifika Virunga kuwinda sokwe kwa ajili ya jumba la makumbusho la New York; aliwapata watano, kisha akageuka kuwa mtetezi wao mkubwa. Maneno yake yalimfikia Mfalme Albert wa Ubelgiji, ambaye mwaka 1919 alikuwa ametembelea hifadhi za Marekani na kuvutiwa nazo. Kwa amri ya tarehe 21 Aprili 1925 ikaanzishwa Hifadhi ya Albert, ya kwanza kuitwa hifadhi ya taifa barani Afrika. Akeley alirudi mwaka uliofuata, akafia mlimani Kabara, akazikwa hukohuko. Mwaka 1929 mipaka ilipanuliwa mno, ikachukua miteremko ya volkano upande wa Rwanda pia.

Mwaka huo wa 1929 una sura mbili, na vitabu vingi vya uhifadhi huonyesha moja tu. Ni mwaka ambao mashariki mwa Rwanda palikuwa na njaa ya Rwakayihura, iliyoua maelfu na kuwafukuza wengine hadi Uganda kutafuta kibarua. Serikali ileile iliyokuwa ikipiga marufuku kuokota kuni kwenye volkano ilikuwa ikiwalazimisha wakulima kupanda mihogo na viazi ili wasife. Hifadhi zilifuatana: Nyungwe ikawa msitu wa akiba mwaka 1933, na mwaka 1934 ikatangazwa Hifadhi ya Kagera upande wa mashariki, zaidi ya kilomita za mraba 2,500 za mbuga, vilima na maziwa kandokando ya mto uigawayo Rwanda na Tanganyika. Kagera ilikuwa na simba, mbwa mwitu, pofu na nyati kwa makundi. Baadaye, mwaka 1957, walihamishiwa humo faru weusi kutoka ng'ambo, eneo la Karagwe, wakazaana vizuri. Lakini desturi iliyowekwa na enzi hiyo ilikuwa moja, nayo ilidumu kuliko ukoloni wenyewe: hifadhi ni mahali ambapo mwenyeji ni mhalifu na mgeni ni mtafiti.

Mwaka 1959 Mmarekani kijana, George Schaller, aliketi Kabara bila bunduki akiwatazama sokwe siku baada ya siku, akakadiria kwamba Virunga nzima, katika nchi zake tatu, ilikuwa na sokwe kati ya 400 na 500. Mwaka huohuo, chini ya milima hiyo, mapinduzi yalizuka. Nyumba za Watutsi zikachomwa na watu wengi wakakimbilia Uganda, Tanganyika, Burundi na Kongo. Mambo haya mawili husimuliwa mbalimbali, ilhali yanahusiana. Wakimbizi wale na watoto wao walikuja kurudi miaka 35 baadaye, na ramani ya Kagera ikabadilika kwa sababu yao.

Uhuru ulipofika tarehe 1 Julai 1962, Kigali ilikuwa kimji cha watu elfu chache. Ikafanywa makao makuu, na pamoja na bendera ikarithi hifadhi. Serikali changa ilikuwa na wakulima wengi wasio na ardhi na haikuwa na fedha za kigeni. Suluhisho lilitoka Ulaya: pareto, maua yenye sumu ya kuua wadudu, ambayo hustawi kwenye baridi ya milimani. Kuanzia 1968, kwa fedha za Jumuiya ya Ulaya, hekta zipatazo 10,000 za Hifadhi ya Volkano, yaani upande wa Rwanda wa iliyokuwa Hifadhi ya Albert, zilikatwa, yaani karibu mbili ya tano ya eneo lake, zikagawiwa familia za wakulima. Mwezi Septemba mwaka huohuo nchi za Afrika zilitia saini mjini Algiers mkataba wa kuhifadhi mazingira asilia ya bara. Pareto haikudumu kuleta utajiri. Viwanda vilitengeneza sumu za kemikali za bei nafuu, na soko likaporomoka. Msitu wa mwanzi uliofyekwa kwa ajili yake haukurudi. Kati ya 1958 na 1979 Nyungwe nayo ilipungua kutoka kilomita za mraba zipatazo 1,140 hadi chini kidogo ya 1,000, ikimegwa pembeni na wakulima na kutobolewa katikati na wachimba dhahabu.

Dian Fossey aliingia katika hadithi hii mwezi Septemba 1967, alipopiga kambi kati ya milima Karisimbi na Bisoke na kuunganisha majina yao kuwa Karisoke. Dunia inamjua kwa filamu ya mwaka 1988. Hapa yatosha kusema yale yaliyobadilisha mkondo. Alithibitisha kwamba sokwe anaweza kufahamika mmoja mmoja, kwa mikunjo ya pua yake, kwa tabia yake, kwa ukoo wake. Tarehe 31 Desemba 1977 majangili walimuua dume mmoja aliyemwita Digit, wakamkata kichwa na mikono. Kifo hicho kilitangazwa duniani, michango ikamiminika, na kwa mara ya kwanza mauaji ya mnyama wa Rwanda yakawa suala la kidiplomasia. Fossey aliwachukia majangili, hakuwaamini watalii, na wafugaji walioingiza ng'ombe hifadhini aliwafukuza kwa vitisho. Aliuawa kambini kwake Desemba 1985. Mimi naona haki iko katikati: bila ukali wake huenda sokwe wasingefika miaka ya 1980, na kwa ukali huo peke yake wasingevuka miaka hiyo.

Hesabu ya mwaka 1981 ilikuta sokwe 254 tu katika Virunga yote, karibu nusu ya makadirio ya Schaller. Miaka miwili kabla yake kulikuwa na mpango wa kukata tena sehemu kubwa ya kilichobaki ili kufuga ng'ombe. Watafiti Bill Weber na Amy Vedder walikuja na hoja ambayo haikuwa ya huruma bali ya hesabu: sokwe aliyezoeshwa watu ataiingizia serikali fedha nyingi kuliko ng'ombe katika malisho yaleyale. Mradi wa Sokwe wa Milimani ulianza 1979 ukiwa na mambo matatu, yaani doria, elimu kwa wanavijiji na utalii wa vikundi vidogo. Ofisi ya utalii na hifadhi iliyokuwa Kigali ilikubali. Mpango wa ng'ombe ukafutwa, na mwaka 1989 hesabu ikapanda hadi 324. Tangu hapo uhifadhi wa Rwanda haukuacha tena kuzungumza lugha ya mapato, kwa heri na kwa shari.

Msitu usio na sokwe wa kuonyesha watalii haukupata mtetezi wa namna hiyo. Gishwati, magharibi mwa nchi, ulikuwa na hekta zipatazo 28,000 mwanzoni mwa miaka ya 1970. Katika miaka ya 1980 mradi uliosaidiwa na Benki ya Dunia ulifyeka sehemu yake kubwa ili kuweka malisho ya ng'ombe wa maziwa na mashamba ya misonobari, na Watwa waliokuwa wakiishi humo wakaondolewa bila ardhi ya badala. Kilichofanyika Gishwati kiliitwa maendeleo na kilikuwa na mhandisi, bajeti na ripoti. Ujangili haujawahi kuangamiza kiasi hicho cha uhai kwa muda mfupi hivyo.

Kulikuwa na kiumbe kingine kisicho na mtetezi: mwaka 1987 mtaalamu wa mimea Eberhard Fischer alikuta Mashyuza, katika bonde la Bugarama kusini-magharibi, yungiyungi ambalo jani lake halizidi sana ukubwa wa sarafu, likimea kwenye tope la chemchemi ya maji moto. Ni dogo kuliko mayungiyungi yote duniani, na halikujulikana kwingineko. Kufikia 2008 lilikuwa limetoweka porini, kwa kuwa maji ya chemchemi yaligeuzwa kwenda mashambani. Mbegu chache zilikuwa zimehifadhiwa Bonn, na mwaka 2009 bustani ya Kew mjini London ilifaulu kuliotesha. Mwaka 2014 mche mmoja ukaibwa hukohuko Kew. Kisha mwaka 2023 likaonekana tena Bugarama, karibu na mahali palepale pa zamani. Hakuna mtalii aliyekuwa akililipia.

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilianza Oktoba 1990 na kupita katikati ya Virunga. Mwaka 1992 dume maarufu aliyeitwa Mrithi alipigwa risasi na kufa. Tarehe 7 Aprili 1994 yakaanza mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, na kwa muda wa siku mia moja hivi watu zaidi ya milioni moja wakauawa kwa hesabu ya serikali ya Rwanda. Mwandishi husita kuwataja wanyama katika aya hiyohiyo. Itoshe kusema kwamba Karisoke iliharibiwa, askari wa wanyamapori wengi walikufa au kukimbia, na sokwe wenyewe, kinyume na hofu ya wengi, walinusurika kwa kiasi kikubwa.

Pigo kubwa zaidi kwa mazingira lilifuata baada ya bunduki kunyamaza. Mamia ya maelfu ya wakimbizi wa 1959 na watoto wao walirudi, wengi wakiwa na ng'ombe wao, na hawakuwa na pa kwenda. Wakaingia Gishwati, ambao mwishoni ulibaki na hekta zipatazo 600 tu. Wakaingia Akagera, kama Hifadhi ya Kagera iitwavyo sasa, na mwaka 1997 serikali ikairasimisha hali: zaidi ya nusu ya hifadhi ikatolewa kuwa makazi na malisho, zikabaki kilomita za mraba zipatazo 1,120. Simba waliwala ng'ombe, wafugaji wakawatilia sumu, na katika miaka michache hapakuwa na simba hata mmoja. Faru wa mwisho alionekana mwaka 2007. Wapo wanaolaumu uamuzi ule wa 1997. Ni vigumu kuona serikali gani ingewaambia watu waliokaa ukimbizini miaka 35 kwamba ardhi iliyopo ni ya pofu. Jambo la kutazamwa ni lingine: kwamba sehemu iliyobaki iliachwa, na haikumegwa tena.

Kigali ilipata somo lake kwa njia ya giza. Mapema katika miaka ya 2000, kinamasi cha Rugezi, kaskazini, kilikuwa kimekaushwa na wakulima. Rugezi ndicho sifongo kinacholisha maziwa Bulera na Ruhondo, na maji ya maziwa hayo ndiyo yanayozungusha mitambo ya umeme ya Ntaruka na Mukungwa. Maji yakashuka, mitambo ikadhoofu, umeme ukawa wa mgawo jijini, na serikali ikakodi majenereta ya dizeli kwa gharama kubwa. Basi mafunjo na ndege wa Rugezi, ambao kwa miaka mingi hawakuwa na sauti, wakapata wakili ambaye kila ofisi ya Kigali ilimsikiliza. Wakulima waliondolewa kinamasini, mwaka 2006 Rwanda ikaingia katika Mkataba wa Ramsar wa kulinda ardhioevu na Rugezi ikawa eneo lake la kwanza katika orodha hiyo, na maziwa yakajaa tena. Waliokuwa wakilima humo walipoteza mashamba waliyoyategemea; habari zao huchukua mistari michache katika taarifa.

Mwaka 2005 ndio mwaka wa kuweka alama. Ilitungwa sheria ya mazingira iliyokataza ujenzi na kilimo karibu na vinamasi, mito na maziwa. Ikaundwa REMA, mamlaka ya usimamizi wa mazingira. Nyungwe ikapandishwa kuwa hifadhi ya taifa, ingawa tembo wake wa mwisho alikuwa ameshauawa mwaka 1999. Sherehe ya Kwita Izina ikaanza, ambapo watoto wa sokwe hupewa majina hadharani kama desturi ifanyavyo kwa mtoto wa mtu. Na serikali ikaanza kurudisha asilimia 5 ya mapato ya utalii kwa vijiji vinavyopakana na hifadhi, kiasi kilichoongezwa kuwa asilimia 10 mwaka 2017. Mwaka huo wa 2017 kibali cha kuwaona sokwe kilipandishwa hadi dola 1,500 za Marekani. Watoto wengi wa Kigali wamewaona sokwe kwenye noti na mabango tu, lakini madarasa, zahanati na mabomba ya maji yaliyojengwa kwa asilimia zile yapo na yanahesabika. Kilikuwa kitu kigeni kabisa katika historia hii: aliyepakana na mnyama alipewa, japo kidogo, sehemu ya thamani yake.

Akagera ilikabidhiwa mwaka 2010 kwa uendeshaji wa pamoja wa serikali na shirika la African Parks. Ukajengwa uzio wa umeme wa kilomita 120 upande wa magharibi, ukimtenga simba na ng'ombe. Mwaka 2015 wakaletwa simba saba kutoka Afrika Kusini. Leo wapo makumi. Mwaka 2017 wakaja faru weusi 18, na mwaka 2019 wengine watano waliozaliwa katika bustani za wanyama za Ulaya, vitukuu wakirudi katika bara la mababu zao. Mwaka 2021 wakashuka kwa ndege faru weupe 30, na 2025 wengine 70. Hapa naomba niseme jambo: faru weupe wa kusini hawakuwahi kuwa wanyama wa Rwanda. Kuwaleta ni kuwatafutia makazi salama mbali na majangili wa Afrika Kusini, na ni neema kwa utalii, lakini tusiite urejeshaji. Urejeshaji ni wa simba na faru weusi.

Katika Virunga hesabu iliendelea kupanda: 380 mwaka 2003, 480 mwaka 2010, na 604 katika sensa ya 2015 na 2016. Ukijumlisha sokwe wa Bwindi, nchini Uganda, na eneo linalopakana nayo, wote duniani wakawa 1,063. Mwezi Novemba 2018 sokwe wa milimani aliondolewa katika daraja la walio hatarini kabisa, akashushwa hadi daraja la walio hatarini. Kisha Machi 2020, kwa sababu ya UVIKO-19, milango ya hifadhi ikafungwa na mapato yakakatika kwa miezi kadhaa. Ulikuwa ukumbusho kwamba hoja ya 1979 ina kasoro yake: mnyama anayelindwa na pochi ya mgeni yuko salama kadiri mgeni anavyoweza kusafiri.

Kwa karne nzima Kigali ilikuwa mahali pa kutolea amri kuhusu wanyama wa mahali pengine. Nayo ilikuwa ikikua: kutoka maelfu machache wakati wa uhuru hadi watu zaidi ya milioni 1.7 mwaka 2022. Vilima vilijaa, viwanda vikashuka Gikondo na gereji zikashuka Nyabugogo, zikaota ndani ya vinamasi, na mvua za masika zikaanza kudai njia yake kwa mafuriko. Viwanda vya Gikondo vilihamishiwa ukanda wa Masoro, na mwaka 2022 bustani ya Nyandungu ikafunguliwa: hekta 121 za kinamasi na msitu katikati ya jiji, zilizopandwa upya miti ya asili. Kuanzia 2024 kazi kama hiyo imeendelea katika vinamasi vitano vingine, vikiwemo Gikondo, Rwampara na Nyabugogo. Wakazi na wenye biashara waliokuwa humo waliondolewa. Kwao neno bayoanuai lilifika pamoja na tingatinga. Na kijani chote si bayoanuai. Serikali ilitangaza mwaka 2019 kwamba misitu imefikia asilimia 30.4 ya nchi, lakini sehemu kubwa ya misitu hiyo ni mikaratusi, mti uliokuja na wageni na ambao ndege wengi wa asili hawana haja nao.

Korongo taji ndiye anayeieleza vizuri zaidi Kigali ya sasa. Ndege wa kifalme wa Abanyiginya alikuwa amegeuka pambo la bustani za hoteli na nyumba za wenye uwezo, akikatwa mabawa asiruke, huku vinamasi alikozaliana vikigeuzwa mashamba. Tangu 2012 yumo katika daraja la walio hatarini kutoweka duniani. Mwaka 2014 daktari wa mifugo Olivier Nsengimana, Mnyarwanda aliyewahi kutibu sokwe, alianza kazi ya kuwaomba wenye korongo wawasalimishe bila adhabu. Walioweza kuruka walipelekwa Akagera wajifunze upya maisha ya porini. Waliovunjwa mabawa wasiweze tena waliwekwa katika Kijiji cha Umusambi, hekta 21 za ardhioevu iliyofufuliwa ndani ya jiji, kilichofunguliwa 2021. Hesabu ya nchi nzima ya mwaka 2017 ilikuta korongo 487 porini. Ya mwaka 2023 ikakuta 1,293. Yafaa kuangalia tofauti: kazi hii ilianzishwa na mwana wa nchi, haikumhamisha mtu, na wanaolinda viota ni vijana wa vijiji vilivyo kando ya vinamasi.

Mwezi Julai 2022 Kigali ilikuwa mwenyeji wa mkutano wa kwanza wa Afrika kuhusu maeneo yaliyohifadhiwa. Wawakilishi wa jamii za asili walisema waziwazi ndani ya ukumbi yale ambayo Watwa wa Virunga, Nyungwe na Gishwati wamekuwa wakiyasema nje ya ukumbi: kwamba hifadhi nyingi za bara hili zilianza kwa kufukuza. Septemba 2023 Nyungwe ikaingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia wa UNESCO, mahali pa kwanza pa Rwanda kupata heshima hiyo pamoja na kumbukumbu za mauaji ya kimbari. Gishwati na Mukura, mabaki mawili ya msitu uliofyekwa, tayari yalikuwa yameunganishwa kisheria kuwa hifadhi ya nne ya taifa.

Sasa serikali inapanga kupanua Hifadhi ya Volkano kwa takriban asilimia 23, kwa kuwa sokwe wameongezeka na eneo halitoshi, wakaanza kuuana wenyewe kwa wenyewe pale vikundi vinapokutana. Ardhi itakayorudishwa ni pamoja na ile iliyokatwa kwa ajili ya pareto. Maelfu ya familia zitahamia makazi ya kisasa, na serikali imeahidi kwamba hali zao zitakuwa bora kuliko za awali. Ni mara ya kwanza katika historia ya nchi hii mpaka wa hifadhi kusogezwa kuelekea kwa mtu huku mtu akiahidiwa nyumba, ajira na mgawo. Wajukuu wa waliopewa ardhi ya pareto ndio watakaoiachia.

Sokwe wa Virunga wamehesabiwa tangu 1959, na kila hesabu imechapishwa kwa namba, mwaka na njia iliyotumika. Familia zitakazohama Kinigi, kando ya Hifadhi ya Volkano, na jirani zake zihesabiwe vivyo hivyo: wangapi, walikuwa na nini, wana nini baada ya miaka mitano, kumi, ishirini. Hesabu hiyo ifanywe na watu wasiolipwa na mradi, na ichapishwe Kigali, mahali amri inapotiwa saini.